Bibi Ndimu wa Kweli

Mke wangu Leonia hakuwa mtu wa kutaka kutazamwa. Nalisema hili mapema kwa sababu wako watu hapa Tabora, hasa wale wanaoshinda barazani Gongoni, wanaodai kwamba alikuwa akiutamani ukumbi tangu zamani na kwamba mimi ndiye niliyemzuia. Waongo wakubwa. Aliyeutamani ukumbi ni mimi. Niliutamani, nikaupata, nikaukalia miaka kumi na miwili. Yeye aliupanda baada ya kuombwa, na hiyo mara moja ilitosha kunikosesha usingizi.

Nilimwoa kijijini kwao Lusu, kule Nzega, mwaka wa hamsini na tisa, nikiwa kuli wa stesheni. Baba yake alikuwa na ng'ombe wengi na maneno machache. Ng'ombe waliwaendea watoto wa kiume, maneno machache akarithi Leonia. Nilipomleta mtaani kwangu Isevya majirani walidhani hasikii Kiswahili. Alikisikia vizuri sana, ila alikuwa hana haja ya kukitumia ovyo. Alikaanga vitumbua asubuhi, akaviuza karibu na stesheni, akarudi, akapika, na kama kulikuwa na la kusema alilisema mara moja.

Mimi nilikuwa na maneno kwa ajili yetu sote wawili, na mengi yalikuwa ya uongo. Sikuwa mwovu. Nilikuwa kijana wa stesheni mwenye rafiki wengi, na njia ya kutoka stesheni mpaka Isevya ina vilabu vitatu vya wanzuki, pombe ya asali. Nikichelewa nilisema treni ya Kigoma imechelewa. Viatu vikipotea nilisema vimeibiwa msikitini, na mimi ni Mkatoliki. Leonia alikuwa akinisikiliza mpaka mwisho, mkono mmoja kiunoni, kisha anasema, "Haya, umesema wewe."

Basi. Ukiyasoma maneno hayo hayana kitu. Lakini alivyoyatamka! Hakuuliza, hakubisha, alikuachia uongo wako uubebe mwenyewe.

Mwaka wa sitini na mbili, bendera yetu ikiwa bado mpya, vijana wa stesheni tulianzisha kikundi cha vichekesho. Kila Jumamosi saa kumi jioni tulionyesha mchezo katika ukumbi wa welfea, ule wa ustawi wa jamii. Mchezo wenyewe uliitwa Nyumba ya Bwana Ndimu. Nyumba ilikuwa ileile kila wiki: vigoda viwili, mlango mmoja wa bati, na chungu. Bwana Ndimu anaingia na uongo mpya, Bibi Ndimu anamsikiliza, anawageukia watazamaji, anasema, "Haya, umesema wewe," kisha anachukua mwiko na kumkimbiza kuzunguka chungu. Wakati ule mwanamke wa heshima hapandi jukwaani, kwa hiyo Bibi Ndimu nilikuwa mimi. Nilikuwa mwembamba, na sauti naweza kuibana. Nilivaa khanga ya Leonia, nikatembea mwendo wa Leonia, nikasimama na mkono kiunoni kama Leonia.

Nikwambie, hakuna utamu kama ule. Nilipogeuka tu kuwatazama, kabla sijafungua mdomo, ukumbi mzima ulikuwa ukiyasema maneno yangu. Naita yangu. Watoto waliyaimba njiani. Karani wa tiketi alimwambia abiria aliyedai nauli ya nusu, "Haya, umesema wewe," na foleni yote ikaangua kicheko. Hata wateja wa vitumbua walimtupia Leonia maneno hayo, wasijue yametoka wapi. Yeye mwenyewe hakupata kuja ukumbini. Aliniuliza mara moja tu, "Wanacheka nini kila Jumamosi?" Nikamjibu kwamba wanamcheka mwanamke mmoja wa kubuni. Unajua alichonijibu.

Bwana Ndimu alikuwa Mabruki.

Mabruki alikuwa fundi cherehani wa Kanyenye, Mzaramo, ingawa Uzaramo hakupata kuuona. Babu yake alipanda na msafara kutoka Bagamoyo enzi za pembe za ndovu, akashikwa na ndui huku kwetu, wenzake wakaendelea na safari wakamwacha. Akapona, akaoa, akazaa. Na kwa kuwa yeye ni Mzaramo na mimi ni Mnyamwezi, tulikuwa watani, kama babu zetu walivyokuwa watani katika njia hiyohiyo. Asiyejua utani atashangaa. Mabruki aliingia kwangu bila hodi, akafunua chungu, akala. Akikuta kuku anachukua. Aliniita mpagazi, akanipapasa utosi na kusema bado una alama ya mzigo. Mimi nilimwita mzigo uliokosa mpagazi, kwa sababu ya babu yake aliyeachwa. Naye hujibu papo hapo, "Na babu yako alikimbia kwa kuwa alikuwa amechoka kubeba vya wenziwe." Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Mbele ya watu wote alimwita Leonia "mke wangu," akamuuliza lini atamwacha huyu kuli aje Kanyenye avae vizuri. Leonia alikuwa akitabasamu. Kwa Mabruki alikuwa akitabasamu, hilo nililiona tangu zamani.

Utani una sheria moja: hukasiriki. Mtani akikuudhi unacheka, na kama huwezi kucheka unanyamaza mpaka uweze. Ukikasirika umejivua nguo hadharani. Kwa hiyo miaka kumi na miwili mtu alimwita mke wangu mke wake, nami nikacheka, na mara nyingi kicheko kilikuwa cha kweli.

Mwaka wa sabini na nne ukaja na mambo yake. Mvua zilikuwa zimetutupa mkono. Watu walikuwa wakihamishiwa vijijini, na mjini tulipanga foleni ya unga wa njano. Kulikuwa na madarasa ya kisomo cha watu wazima kila mtaa, na mwalimu wa kisomo cha Isevya alikuwa kijana mmoja aliyeletwa na ofisi ya utamaduni, Raymundi, mwembamba, mwenye miwani na daftari, anayemwita kila mtu ndugu. Leonia alikwenda kisomo mchana, baada ya vitumbua. Ndani ya miezi michache alikuwa akisoma. Raymundi akamsimamisha mbele ya wenzake asome kwa sauti, na hapo, nasikia, darasa zima likanyamaza.

Akaja kwetu ukumbini Jumamosi moja, akatazama mchezo, hakucheka. Baadaye akatuita mimi na Mabruki.

"Ndugu Hilari," akasema, "mchezo wenu ni mzuri. Mna nyumba, mna watu, mna maneno ambayo Tabora nzima inayajua. Ila ule wa debe la mahindi, ule Bwana Ndimu anapopeleka debe mashineni akalinywea pombe, halafu anasema nyani wamemnyang'anya. Mwaka huu mtu akilinywa debe la mahindi, watu watacheka nini?"

"Walicheka leo," nikamwambia.

"Walicheka kwa mazoea. Mimi nataka mchezo uleule, nyumba ileile, maneno yaleyale, tuzitoe mbio za mwiko na tukitoe kicheko. Tuone kinabaki nini. Tuuonyeshe kwenye mashindano ya Saba Saba, mbele ya waamuzi. Na Bibi Ndimu awe mwanamke."

"Mwanamke gani?"

"Ndugu Leonia."

Nilitaka kusema hapana. Hapana ilikuwa imefika kwenye meno. Lakini Mabruki alikuwa amekaa pale juu ya kigoda, akatandaza mikono na kusema, "Mungu hamtupi mja wake. Nimengoja miaka kumi na miwili, leo serikali imenipa mke wangu rasmi." Vijana wakacheka. Sasa mimi ningesemaje? Ningesema hapana, pale pale, wangejua kwamba mpagazi ana wivu. Nikacheka kuliko wote. Nikasema, "Mchukue, ila ujue anakula."

Jioni ile nikamweleza Leonia, nikitumaini atakataa. Alifikiri akiosha sufuria. Akasema, "Nitajaribu."

Sasa nieleze wivu wangu, maana sioni haya tena. Ulikuja kwa vipande. Kwanza ulikuja kwa sababu ya gauni. Raymundi alisema Bibi Ndimu asivae khanga ya kuchekesha, avae gauni la kawaida la mwanamke wa mjini, na fundi si yupo? Mabruki akashona. Gauni likamkaa Leonia vizuri kuliko nguo yoyote niliyowahi kumnunulia. Nikamuuliza Mabruki, kwa kicheko, alimpima lini. "Mtani hahitaji futi kumpima mke wake," akanijibu. Nilicheka. Nilikwenda nyumbani nikalitazama lile gauni lililotundikwa msumarini, mishono yake imenyooka, nikatafuta kosa. Sikuona kosa.

Kisha ukaja kwa sababu ya mazoezi. Walifanya mchana, na mimi nilikuwa zamu bohari ya mizigo. Nikaanza kutafuta visababu. Nilimwambia msimamizi nina homa, nikapita nyuma ya ukumbi, nikasimama dirishani. Nilifanya hivyo si mara moja. Nilimwona mke wangu ameketi kwenye kigoda changu, anakwangua chungu kitupu, na Mabruki anaingia na uongo wa nyani. Uongo ule niliutunga mimi! Leonia akainua macho. Akamtazama mume wa watu mpaka mwisho wa maneno yake, akasema polepole, bila kugeuka kwa mtu yeyote, "Haya, umesema wewe."

Wale vijana wa kikundi, waliokuwa wakipanga viti, waliacha kupanga viti.

Pale dirishani ndipo nilipoijua sura nyingine ya wivu wangu, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. Nilikuwa nikimwonea wivu Mabruki kwa kukaa na Leonia, ndiyo, na nilinusa khanga zake akirudi kama mbwa wa polisi. Lakini nilimwonea wivu Leonia mwenyewe zaidi. Mimi nilikuwa nimeyafanya maneno yale yachekwe na mji mzima, na yeye kwa mara moja, bila mkono kiunoni, bila kuibana sauti, aliyafanya yawatie watu baridi. Nikaelewa kwamba kwa miaka kumi na miwili nilikuwa nikivaa nguo za mtu, na mwenye nguo amerudi.

Habari zikaenea kabla hata ya mchezo. Wateja wa vitumbua walianza kumwita Bibi Ndimu wa kweli. Karani yule wa tiketi aliniuliza, "Sasa wewe utakuwa nani, Hilari?" Alikuwa akitania, lakini yeye ni Mfipa, hana ruhusa ya kunitania kiasi hicho. Sikumsemesha wiki nzima.

Jumapili, wiki moja kabla ya Saba Saba, tulikuwa uani mchana baada ya misa. Majirani wawili walikuwa wamekuja kusalimia, wamekaa kwenye mkeka. Mabruki akaingia bila hodi kama kawaida yake, akatazama huku na huku, akamkamata jogoo wangu mwekundu, akamfunga mguu kwa uzi wa cherehani.

"Huyu nakwenda naye," akasema. "Mke wangu ana kazi ya sauti wiki hii, anahitaji supu. Nyumba hii ya kuli haijui kutunza mwanamke."

Majirani wakacheka. Nilisikia Leonia naye akicheka huko jikoni. Hapo ndipo nilipopotea. Laiti asingecheka.

Nikasimama, nikamnyang'anya jogoo, nikamwambia, "Toka kwangu. Mzigo uliokosa mpagazi. Babu yako aliachwa njiani kwa sababu hakuna aliyemtaka, na wewe umekaa hapa kuvizia vya watu."

Maneno yaleyale ya siku zote, au karibu yaleyale. Nilikuwa nimeyasema mara elfu, hata kwenye harusi yake niliyasema. Ila siku ile hayakuwa na kicheko ndani yake, na kila aliyekuwa pale aliliona hilo. Nilimngojea anijibu kuhusu babu yangu aliyekimbia. Kama angenijibu tungepona. Mabruki hakujibu. Alinitazama mdomo ukiwa wazi kidogo, akachutama, akafungua uzi kwenye mguu wa jogoo taratibu, akauviringa, akautia mfukoni.

"Sawa," akasema, na akatoka.

Mmoja wa majirani alikuwa mzee Ngollo, Mnyamwezi mwenzangu. Alivaa viatu vyake, akaniambia, "Umemkasirikia mtani, Hilari. Sijawahi kuona." Kisha naye akaondoka. Leonia alisimama mlangoni pa jiko. Hata yale maneno yake hakuyasema.

Siku iliyofuata Mabruki alipeleka ujumbe kwa Raymundi kwamba mgongo unamsumbua, mchezo hawezi. Raymundi akaja bohari mbio, miwani imejaa vumbi. Saba Saba ilikuwa imebaki siku sita. Nani mwingine anayejua maneno ya Bwana Ndimu?

Nilijua mimi. Si ndiye niliyeyatunga?

Nitasema ukweli: nilifurahi. Nilijua nimefanya jambo la aibu, na usiku sikupata usingizi, lakini chini ya aibu kulikuwa na furaha inayocheza. Mke wangu atacheza na mimi. Mabruki atakaa na cherehani yake. Na ukumbi, ambao nilidhani nimepokonywa, nitauingia tena kwa mlango wa mume. Leonia alipoambiwa aliendelea kukaanga vitumbua vyake. Tulifanya mazoezi kwa siku hizo chache, naye alinitamkia maneno yake akitazama ukutani. Raymundi alimwomba anitazame. Akasema, "Nitamtazama siku yenyewe."

Siku yenyewe ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Waamuzi watatu walikaa mbele na karatasi zao. Nikachungulia, nikamtafuta Mabruki, sikumwona. Nikamwona mkewe, Nunu, amekaa pembeni na ushungi wake mweupe.

Mchezo ukaanza. Leonia yuko peke yake na chungu, anakwangua. Muda mrefu anakwangua, na watu wamenyamaza kabisa. Zamu yangu ikafika. Raymundi alinionya niingie kama mtu wa kweli anayerudi nyumbani na hatia yake. Lakini niliposimama nyuma ya ule mlango wa bati nikasikia kimya kile, kimya chake yeye, sikuweza kukivumilia. Nikaingia nikipepesuka kwa mtindo wa zamani. Nikakwaruza mlango, nikauomba radhi mlango. Nikaanza kueleza jinsi nyani walivyonizingira, na nikaongeza kwamba mmoja wao alikuwa amevaa kofia ya mkaguzi wa tiketi.

Ukumbi ukalipuka. Ah, kicheko kile! Watu walipiga mapaja. Mmoja wa waamuzi aliinamia karatasi zake mabega yakitikisika. Nilimtazama Leonia kwa ushindi, naona haya kusema lakini ni kwa ushindi, kama kusema, unaona wanamtaka nani?

Leonia akangoja. Hakukunja uso, hakuinua mkono. Alikaa na mwiko mtupu juu ya magoti mpaka kicheko kikaisha chote, mpaka yule wa mwisho kabisa dirishani naye akanyamaza. Ndipo akanitazama. Akasema, "Haya, umesema wewe."

Hapo mimi nilitakiwa kukaa chini na kukiri. Ndivyo ilivyoandikwa. Lakini yeye hakunipa nafasi ya kukiri. Aliendelea, na hayo hayakuwa kwenye daftari la Raymundi.

"Debe lile alilileta mama yangu. Alilibeba kichwani kutoka Lusu mpaka barabarani, akangoja lori siku mbili. Ulipolala nilikwenda kwa mke wa Bwana Mabruki, akanipa kibaba cha unga. Nikawapikia watoto, nikakuwekea na wewe. Ukaamka, ukala. Ukaniuliza mbona mimi sili, nikakuambia nimeshiba." Akautia mwiko chunguni. "Wewe ukasema, 'Haya.'"

Kisa kile hakikuwa cha kubuni. Nilijua tangu mwanzo kwamba hakikuwa cha kubuni, maana mimi ndiye niliyelinywa debe lile, mwaka wa sitini na mbili, na wiki mbili baadaye nikakipeleka ukumbini watu wacheke. Lakini kibaba cha unga sikukijua. Sikukijua kabisa. Na pale jukwaani nikaelewa kitu kingine: Mabruki alikijua. Alikijua miaka yote. Mtu aliyenitania upara wangu, mshahara wangu, mama yangu, kuku wangu, alikuwa na hilo mkononi, angeweza kunimaliza nalo siku yoyote mbele ya mtu yeyote na sheria ya utani ingemlinda. Hakulitumia hata mara moja.

Sikukiri. Maneno yote yalinitoka kichwani, nikasimama nimeshika mlango wa bati mpaka Raymundi akaashiria kwamba mchezo umekwisha. Watu hawakupiga makofi upesi. Walipoanza, walipigia upande mmoja.

Waamuzi walituchagua kwenda kuonyesha Mwanza mwezi uliofuata. Walimsifu Ndugu Leonia kwa dakika nyingi. Kuhusu mume walisema mwanzo alizidisha na mwisho alipungukiwa. Raymundi alikuwa akirukaruka. Akasema tukirudia mazoezi, hasa upande wangu, tutatisha.

"Sirudii na huyu," Leonia akasema. "Mwiteni Mabruki."

Tulirudi nyumbani. Njiani, karibu na vile vilabu vya wanzuki, wivu ukanipanda tena, hata baada ya yote yale. Sijui wivu umeumbwa na nini. Nikamuuliza, "Mabruki ana nini ambacho mimi sina?"

Alisimama. Alikuwa amelivaa lile gauni. "Na Mabruki naigiza, Baba Silasi," akasema. "Na wewe siwezi kuigiza." Tulipofika mlangoni akaongeza, "Utakwenda kumwomba wewe mwenyewe. Mimi nisimsikie mtu mwingine akitumwa."

Nilikwenda siku ya pili, saa nne asubuhi, na jogoo mwekundu kwapani. Njiani nilipanga maneno. Nilipanga kuingia bila hodi, kumtupia jogoo mapajani, na kumwambia, "Wee mzigo, simama, kuna Mnyamwezi amekuja kukubeba." Nilijifunza hata mahali pa kupumua. Nilipofika mlangoni kwake nikasikia cherehani inakwenda, na mkono wangu ukapiga hodi wenyewe.

"Karibu," akasema. Aliponiona akasimamisha gurudumu, akanyanyuka, akanipa mkono. Akaniletea kiti. Miaka kumi na miwili nilikuwa nikikaa juu ya vitambaa vyake, juu ya meza yake, juu ya sanduku la uzi, na siku ile akafuta kiti kwa kitambaa safi, akakiweka mbele yangu.

"Keti, Ndugu Hilari," akasema.

Nikaketi. Nunu akaleta chai na kunisalimia vizuri, akauliza hali ya watoto. Nikamtazama mikono, ile iliyopima kibaba, nikashindwa kumshukuru. Nikamwambia Mabruki kwamba nimemkosea. Nikamwambia nimemletea jogoo, na kwamba Leonia anamwomba aende Mwanza, na mimi pia ninamwomba. Nikameza chai ya moto.

"Ahsante sana," akasema, akampokea jogoo kwa mikono miwili. Mtani hasemi ahsante, huchukua na kulalamika kwamba ni mdogo. "Hayo yamekwisha, wala usijisumbue. Mgongo wangu una nafuu. Mwambie shemeji nitakwenda."

Alimwita shemeji.

Nikajaribu. Nikamwambia, "Usimzoee sana huko Mwanza, Mzaramo wewe." Alitabasamu, tabasamu lile analompa mteja mgeni anayeuliza bei ya kaptura, akaniuliza kama kazi ya bohari inaendelea vizuri. Nikasema inaendelea. Akasema anamshukuru Mungu. Chai ikaisha. Nikaaga, naye akavaa viatu ili anisindikize, kama mtu anavyomsindikiza mgeni wa heshima.

Tulitembea pamoja mpaka njia panda ya Kanyenye, tukizungumza mvua. Pale tukasimama. Sikuondoka mara moja, nilivuta muda, nikajipapasa utosi makusudi, nikasubiri anitukane.

Aliniambia niwasalimie nyumbani, akarudi kwenye cherehani yake.